Dar hadi Matema na mahema: siku ya kwanza iishie wapi?

Mkuu, umeuliza kama wewe, shemeji na watoto wawili mnaweza kutoka Dar alfajiri na Noah, mkalala kwenye hema Mbeya usiku huohuo, kesho yake mkaingia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kufika mtafika, mabasi yanafika kila siku. Ila abiria wa basi akishuka anatafuta gesti. Wewe ukishuka una hema la kusimamisha, chakula cha kupika na watoto wamevurugika kwa kukaa. Dar hadi Mbeya ni kama km 830, na ukiheshimu vibao vya 50 kwenye kila kijiji, hiyo ni siku nzima na kipande cha usiku. Kusimamisha hema gizani na tochi mdomoni sitaki hata kumsimulia mtu.

Sisi kwetu tunapiga hesabu kwa kuanzia machweo. Kule juu Iringa giza linaingia kabla ya saa moja jioni, kwa hiyo gari lizimwe saa kumi alasiri. Ukirudi nyuma kutoka hapo, siku ya kwanza inaishia Kisolanza, shamba lenye uwanja wa kambi kando ya barabara kuu, kama km 50 ukishaipita Iringa. Siku inabaki ndefu, karibu km 550, lakini inabebeka.

Tokeni saa kumi alfajiri, watoto wabebwe wamelala. Raha yake ni kwamba Kibaha na Mlandizi mnazipita bado mapema, kabla ya foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza haijanenepa. Chai Morogoro. Msiagize chipsi mayai njiani, mtasubiri nusu saa kila mahali. Chapati na mayai ya kuchemsha yatoke nyumbani.

Mikumi barabara inakatiza hifadhini kama km 50. Huhitaji kulipa kiingilio kwa kupita tu, lakini mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na vibao vya faini kwa kila mnyama utakayemgonga vinasomeka vizuri. Hapo watoto wataamka wenyewe, maana twiga na pundamilia mara nyingi wanaonekana ukiwa barabarani. Vioo vifungwe kwenye nyani, na msiwarushie chochote. Binafsi kipande hiki namwachia mke wangu aendeshe. Mwendo ni mdogo, nami napumzisha macho kabla ya mlima Kitonga.

Maana Kitonga ndiyo siku yenyewe. Kabla ya kufika, barabara inafuata bonde la mto Ruaha lenye mibuyu pande zote, joto kali, halafu ghafla mnaanza kupanda kona kwa kona nyuma ya semi zilizobeba mzigo wa Zambia na Kongo. Lori moja likikatika ekseli pale juu, kila kitu kinasimama, na hakuna anayejua ni kwa saa ngapi. Ndiyo maana nataka niwe chini ya mlima kabla ya saa sita mchana, nikiwa na maji ya kunywa ya kutosha na akiba ya muda. Kwenye kupanda, zima AC, tumia gia ndogo, na ukiona sindano ya joto inapanda, simama mahali palipo wazi uiache injini ipoe. Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, kuna gari bovu mbele ya kona. Punguza mwendo hapohapo. Madereva wa malori wana salamu ya indiketa pia: ya kushoto ina maana pita, ya kulia kaa nyuma. Naishukuru lakini siifuati mpaka nione mwenyewe barabara tupu. Huenda mwenzako anakwepa shimo tu.

Kwa chakula cha jioni, usijaze buti kutoka Dar. Vitunguu nunua Ruaha Mbuyuni, vimepangwa kando ya barabara. Nyanya ziko Ilula, mkishamaliza mlima. Nyama tunaigandisha nyumbani na kuifunga ndani ya kasha la kutunzia baridi. Ikifika kambini imeyeyuka, iko tayari kwa sufuria. Beba mtungi mdogo wa gesi, kuni ziwe za kuotea moto.

Hema liingie garini mwisho ili litoke kwanza. Mkifika, hema kabla ya chai, hata watoto wakilalamika. Na baridi, mkuu! Watu wa Dar tunaidharau. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa kule unashuka chini ya nyuzi 10, na baridi inayokukosesha usingizi inatoka ardhini. Blanketi la chini lina faida kuliko la juu. Tandika mkeka, kisha godoro, kisha blanketi, ndipo mlale.

Gari: kagua tarehe ya kutengenezwa kwa tairi, si kashata zake (michoro ya juu) tu, na upepo wa spea. Pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu. Trafiki wataviulizia, na Kitonga utavihitaji.

Siku ya pili ni nyepesi. Mafinga mnapita kwenye misonobari, Makambako upepo, kisha mnashuka hadi Chimala kwenye tambarare la mpunga. Uyole pindeni kushoto kuelekea Tukuyu, hakuna haja ya kuingia Mbeya mjini. Mkilala Tukuyu, Matema mnafika mapema kesho yake. Likizo ikiruhusu kaeni pale siku tatu nne, kwa sababu kurudi ni Kitonga hiyohiyo, safari hii mkishuka, na breki ndizo zitakazofanya kazi.