LPN au RN: barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Umeniuliza: ikiwa hospitali za Marekani zinalia kila siku kwamba hazina wauguzi, mbona ukitaja LPN, muuguzi wa leseni ya chini, kozi ya kama mwaka mmoja, wanakuelekeza kwenye nyumba za wazee?

Fuata pesa. Tangu 1983 Medicare, bima ya serikali ya wazee, huilipa hospitali kiasi kilichopangwa kulingana na ugonjwa, hata mgonjwa akilazwa siku nyingi zaidi. Daktari ana bili yake. Kazi ya muuguzi imefichwa ndani ya gharama ya kitanda. Kwa mhasibu, muuguzi haleti pesa, anazila tu. Tena wagonjwa siku hizi hutolewa mapema, kwa hiyo aliyebaki wodini ni yule aliyezidiwa.

Hapo LPN hubanwa. Mshahara wake uko chini ya wa RN, muuguzi aliyesoma zaidi mwenye leseni kamili, kwa karibu theluthi, lakini majimbo mengi hayamruhusu kumpima mgonjwa mpya na kumpangia huduma, na dawa kadhaa za mshipa haruhusiwi kuzigusa. RN wa zamu anashika wagonjwa wake, kisha anamalizia kwa wagonjwa wako kazi usiyoruhusiwa. Akiba ya mwajiri inatoka mgongoni mwake. Na mzigo huo una hesabu: mwaka 2002 mtafiti Linda Aiken na wenzake, wakichunguza hospitali za Pennsylvania, waliona kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaendana na hatari ya kifo kwa waliopasuliwa kupanda kwa asilimia 7. California iliweka kwa sheria kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi, kikaanza kazi 2004. Hata huko, LPN (wao humwita LVN) huhesabiwa, ila wasizidi nusu ya wauguzi.

Nyumba za wazee ni habari nyingine. Usiku unaweza kuwa muuguzi peke yako, wewe na ma-CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi. Mlipaji mkubwa ni Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, nayo ina mkono mgumu, ndiyo maana mwajiri anatafuta leseni ya bei nafuu. Wanakutaka sana kwa kuwa wewe ni rahisi. Likumbuke hilo mkizungumza mshahara.

Baba yako anasema uanze tu. Yeye hajawahi kusukuma toroli la dawa za wazee thelathini saa tatu usiku! Lakini karo ya RN kama huna, anza, mradi chuo kikuandikie, kabla hujalipa hata senti, kwamba masomo yako yatahesabiwa ukienda kusomea RN. Wakikataa kuandika, tafuta chuo kingine.

Mama