Kamusi ya Kingereza bila intaneti

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi nasomesha Kingereza huku Faza, Lamu, tuna laptopu za zamani zenye mfumo wa Ubuntu (si Windows) lakini netiweki yaja yapotea na bando ndo hivo tena. Watoto wakikwama kwa neno ni kuniuliza mimi tu. Kuna kamusi ya bure naeza kuitia ndani ya mashine ifanye kazi bila intaneti? – Mwalimu, Faza

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, ipo na ni bure kabisa, intaneti wataka mara moja tu, kwa hivo siku ukishuka Lamu mjini beba laptopu moja, fungua terminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri, uandike:

sudo apt-get install dictd dict dict-gcide dict-wn

Andika apt-get usiandike apt peke yake, manake apt ikimaliza hufuta mafaili iliyodaunlodi na wewe wayahitaji. Yako kwa /var/cache/apt/archives, yatie kwa flashi urudi nayo Faza, kwa kila laptopu ingia folda ya flashi upige sudo dpkg -i *.deb basi, bora Ubuntu zote ziwe toleo moja.

Sasa hapo umepata kamusi mbili na si sawa. Ile gcide msingi wake ni Webster ya 1913, kamusi ya zamani ya Marekani, tamu sana kwa mwalimu, ina mifano ya Shakespeare, lakini mtoto wa darasa la saba itamchanganya na Kingereza cha kale. Watoto wape wn, ndo WordNet, kazi iliyoanza 1985 chuo cha Princeton Marekani chini ya George Miller, yeye alikuwa mwanasaikolojia ndo maana maneno yamepangwa kwa maana, yenye maana moja yakaa pamoja, kwa insha yasaidia mno. Waandike dict -d wn run waone, maana zaidi ya 50 zatoka hapo, so wafundishe kusoma mifano inayofuata maana hizo wasichukue ile ya kwanza tu.

Nnachoipendea zaidi ni mtoto akikosea spelin, akiandika recieve haimwachi hivohivo, yamletea maneno yaliyo karibu achague.

Na kama waogopa ile skrini nyeusi, kwa safari hiyohiyo ya mjini daunlodi na Artha, ina dirisha la kawaida na yatumia WordNet hiyohiyo bila intaneti, mtoto achagua neno kwa skrini abonyeza Ctrl+Alt+W maana yatokea.