Jibu: Shule inataka kumhamishia mwanangu darasa maalumu, sijakubali

Habari dada. Kwa hiyo shule yenu hapo Ohio inataka kumtoa mtoto darasa la kawaida, nawe hutaki. Kwanza pekua karatasi walizokupa: kuna notisi inayoeleza sababu? Sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu (IDEA) inawataka waitoe kabla ya kumhamisha. Na kwenye kikao cha shule cha kuamua mtoto asome darasa gani, wewe ni mmoja wa waamuzi, hukualikwa kusikiliza tu. Dai mkalimani wa Kiswahili, ni wajibu wa shule. Usikubali binti yako mkubwa atafsiri (mimi walinijaribu hivyo). Wakikataa kukusikia, fungua shauri rasmi (wao huliita “due process complaint”) upesi, kabla hajahamishwa. Likishafunguliwa, mtoto anabaki darasa alilopo mpaka liamuliwe. Kulalamika kwa mwalimu mkuu peke yake hakumzuii mtu.