Namba Hizi Nimwonyeshe Nani?

Mwezi uliopita niligusia katika safu hii mafunzo ya takwimu wanayopewa watumishi wa halmashauri, na tangu hapo barua zimekuja kwa wingi kuliko nilivyotarajia, nyingi zikitoka hapa hapa Tanga Jiji, Pangani, Mkinga na Muheza. Nimechagua sita. Majina ya walioandika nimeyahifadhi, na baadhi ya barua nimezifupisha bila kuugusa moyo wa swali.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri mojawapo ya mkoa wetu. Ndani ya miaka mitano nimehudhuria mafunzo manne ya usimamizi na matumizi ya takwimu, na vyeti ninavyo. Hata hivyo bajeti yetu bado inaandaliwa kwa kuchukua ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo. Kasoro iko kwetu au iko kwenye mafunzo?

Marahaba. Sehemu kubwa ya kasoro iko kwenye mafunzo, nami ninalisema hilo nikiwa mmoja wa waliokuwa wakiyatoa. Miaka mingi iliyopita nilifundisha kwa siku tatu katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, feni zikizunguka taratibu juu ya vichwa vya maofisa thelathini na kitu, na nilikuwa nimejiandaa kweli kweli: namna ya kupanga majedwali kwenye kompyuta, namna ya kuchora chati, namna ya kukokotoa wastani na asilimia. Siku ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuulizia posho, afisa ugani mmoja aliyekaa kimya siku zote alinyanyua mkono akaniuliza: "Mwalimu, nimeelewa vizuri. Sasa namba hizi nimwonyeshe nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewafundisha watu kupika bila kuuliza kama nyumbani kwao kuna mtu anayesubiri kula.

Mafunzo mengi huanzia kwenye takwimu na kutumaini kwamba uamuzi utafuata, ilhali njia iliyo salama zaidi ni kuanza na uamuzi. Mkufunzi awaulize washiriki, kabla kompyuta hazijawashwa, ni uamuzi gani mmoja ambao halmashauri yao inatakiwa kuufanya miezi mitatu ijayo: ni zahanati ipi ipelekewe muuguzi wa pili, kisima kipi kitengenezwe kwanza, au shule ipi ijengewe madarasa. Kisha watafute namba zinazohitajika kwa uamuzi huo tu, wakitumia takwimu zao wenyewe walizokuja nazo kutoka ofisini, na si mifano ya nchi ya kubuni ambayo hakuna anayeijua wala kuionea uchungu.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini halmashauri huanza kupanga bajeti yake mwishoni mwa mwaka wa kalenda, na ikifika Aprili mijadala imeshahamia bungeni. Mafunzo yanayofanyika Mei au Juni, wakati fedha za mradi zinatumiwa haraka zisije zikarudishwa, huwakuta maofisa wakiwa wameshafunga mahesabu. Hata wakirudi na ari, watalazimika kusubiri miezi kadhaa, na katika miezi hiyo wengine watakuwa wameshahamishwa. Ukipata nafasi ya kushauri, shauri mafunzo yawe Agosti au Septemba, na mkufunzi arudi ofisini kwenu mwezi wa Novemba kukaa nanyi mezani siku mbili.

La tatu huwa ninalisema kwa sauti ya chini: wakuu wa idara na mkurugenzi wakae darasani, hata kwa nusu siku. Afisa wa chini anayejua kusoma takwimu, huku bosi wake hazisomi, hawezi kubadili bajeti. Atabaki kuwa mwandishi wa viambatisho.

Mwalimu, mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji, Wilaya ya Pangani. Mwaka jana tulipangiwa walengwa 60 wa penta ya tatu, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, tukachanja watoto 71, yaani asilimia 118. Nilipopeleka ripoti niliambiwa niirekebishe ishuke hadi 100 kwa sababu "haiwezekani". Nifanye nini?

Usiirekebishe kwa kalamu. Irekebishe kwa kuchunguza, maana asilimia 118 ni habari, na mara nyingine ni habari yenye thamani kuliko asilimia 95 iliyonyooka.

Anza na namba ya chini, ile 60. Hiyo haikuhesabiwa na mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kijijini kwenu. Ni makadirio yanayotokana na sensa na kasi ya ongezeko la watu. Mkoa wetu ulikuwa na watu 2,045,205 katika Sensa ya mwaka 2012 na watu 2,615,597 katika Sensa ya mwaka 2022, ongezeko la karibu asilimia 2.5 kwa mwaka. Huo ni wastani wa mkoa mzima, kuanzia Lushoto hadi pwani. Kijiji kilichofunguliwa shamba jipya la mkonge au kilichopata barabara kitakua haraka kuliko hapo, na kijiji ambacho vijana wake wamekimbilia mjini kinaweza hata kupungua.

Sasa njoo kwenye namba ya juu, ile 71. Fungua kitabu cha watoto cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), uweke na karatasi za kutali pembeni, zile zenye vijiti vinne na cha tano kinachovikata, kisha pitia mwezi mmoja mmoja. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na muuguzi mmoja tukifanya kazi hiyo kwa kalamu nyekundu, na ndani ya saa moja tulikuta mwezi ambao dozi za wiki ya 10, yaani penta ya pili, zilikuwa zimetaliwa kwenye mstari wa dozi za wiki ya 14, yaani ya tatu, kwa sababu siku ile ya kliniki kulikuwa na foleni hadi nje na aliyekuwa akitali ni mhudumu mgeni. Kosa dogo la mstari mmoja, lakini likisafiri hadi wilayani linakuwa watoto waliokamilisha chanjo ilhali bado.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji makadirio ya mtu yeyote: linganisha waliopata penta ya kwanza na waliopata ya tatu. Kwa kawaida wa tatu ni pungufu kidogo, kwani wapo wanaohama na wanaoacha. Ukikuta wa tatu ni wengi kuliko wa kwanza kwa mwaka mzima, ama kuna kosa la kutali ama unapokea watoto walioanzia kwingine.

Baada ya hapo angalia safu ya makazi. Tuseme kati ya hao 71 unakuta 19 wametoka kijiji cha jirani kwa sababu zahanati yenu iko karibu nao zaidi. Watoto wa kijiji chako waliochanjwa ni 52, na kama ile 60 ina ukweli wowote, basi kuna watoto 8 hawajaonekana. Hebu tazama ajabu hiyo: zahanati yenye asilimia 118 inaweza kuwa na watoto wanane wasio na kinga vitongojini, na kama ungeishusha ripoti hadi 100 kwa kalamu, hakuna ambaye angekwenda kuwatafuta. Peleka 71 yako kama ilivyo, ambatisha maelezo ya nusu ukurasa, na tunza nakala.

Mimi ni mtendaji wa kijiji, Mkinga. Idara tatu zimeniomba idadi ya kaya kwa fomu tatu tofauti, na hesabu hazifanani kwa kuwa kila fomu ina tafsiri yake ya "kaya". Halafu tumeahidiwa vishikwambi. Je, daftari niliache?

Pole, na usiliache. Wahenga wa maofisini walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na idadi ya kaya nayo ni mali. Weka rejista moja ya wakazi, inayohuishwa kila mwezi na wenyeviti wa vitongoji kwa kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kwenye ukurasa wa mbele andika kwa sentensi moja kaya unayoihesabu ni ipi. Makarani wa sensa huwahesabu pamoja watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, na tafsiri hiyo itakufaa. Fomu ikija na tafsiri nyingine, toa namba yako ileile na uandike pembeni ulivyohesabu. Tatizo la idara tatu kutosemezana silo la kwako kulitatua. Linatakiwa kumalizwa katika kikao cha menejimenti ya halmashauri.

Kuhusu vishikwambi, Sensa ya mwaka 2022 iliendeshwa kwa vifaa hivyo nchi nzima, kwa hiyo vinafanya kazi. Tofauti ni kwamba nyuma ya kila karani wa sensa kulikuwa na msimamizi, mafundi wa TEHAMA na mpango wa kuchaji. Uliza mtendaji wa kijiji atapewa nini kati ya hivyo kabla hujapiga makofi.

Ndugu mwandishi, mimi ni diwani huko Muheza. Makabrasha ya kikao hutufikia na majedwali kurasa arobaini. Sikusomea takwimu. Nitajuaje kama ninadanganywa?

Mheshimiwa, mara nyingi hakuna anayekudanganya; ni wastani tu unaoficha mambo. Chukua mfano wa vyoo vya shule, kwa kuwa kiwango chake kinajulikana: tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Ripoti inasema shule fulani ina wanafunzi 460 na matundu 20, yaani tundu moja kwa wanafunzi 23. Kikao kinapumua na kufungua ukurasa unaofuata.

Wewe omba mgawanyo. Ukiambiwa wasichana ni 240 na wana matundu 8, huku wavulana 220 wakiwa na matundu 12, hesabu imeshabadilika: wasichana 30 kwa tundu, wavulana 18. Kisha uliza matundu yanayotumika leo, si yaliyojengwa. Kama mawili ya wasichana yameziba, kila tundu linahudumia wasichana 40, mara mbili ya kiwango. Kwa jumla shule hiyo ilihitaji matundu 21 na ilikuwa nayo 20, ndiyo maana haikumshtua mtu.

Kwa hiyo maswali yako ya kikao yawe haya: jumla hii ukiigawa kwa jinsia, kijiji au umri inakuwaje, namba hii ni ya vilivyojengwa au vinavyofanya kazi, na ilikusanywa lini, na nani. Hili la mwisho halipendwi, lakini liulize hivyo hivyo. Na mafunzo ya madiwani yangetosha kuwa hayo tu, asubuhi moja, kila mmoja akiwa na kabrasha lake la kweli mkononi. Sioni haja ya kuwachosha waheshimiwa na fomula.

Natoka Ngamiani. Mtendaji wetu wa mtaa aliweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya wanaopata msaada, yenye majina, namba za simu na magonjwa ya watu. Anasema ni uwazi. Ni sawa?

Hapana. Uwazi ni kutangaza kwamba mtaa una wanufaika kadhaa, wamechaguliwa kwa vigezo gani na kiasi gani kimetolewa. Ugonjwa wa jirani yako hauingii humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na iko Tume maalumu inayopokea malalamiko. Hata hivyo nakushauri uanze kwa kumfuata mtendaji mwenyewe ofisini, kwa heshima, umwombe aifute orodha na kuwaomba wanakikundi nao waifute. Sijui kama alishawahi kufundishwa jambo hili. Kozi nyingi za takwimu nilizoziona zilifundisha kukusanya na kutuma, na somo la kutunza siri liliachwa saa kumi jioni ya siku ya mwisho, watu wakiangalia saa.

Nimemaliza kidato cha sita na napenda kazi hizi. Nisome wapi?

Kwa takwimu zenyewe kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1961. Kwa mipango ya wilaya na vijiji kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma. Usipotaka kwenda mbali, Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania kina kampasi hapa Tanga, na kozi zake za utunzaji wa kumbukumbu zinadharauliwa bila sababu. Ila kabla hujalipia fomu, omba ruhusa ukae wiki moja katika ofisi ya mtendaji wa kata yenu, uone rejista zinavyojazwa, na umwambie ukweli mzazi wako kama bado unaipenda kazi.