Programu huria: mgeni anakwamia wapi?

Tumetengeneza programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) ya kuendesha tovuti. Watu wanaipakua, halafu kimya. Tuongeze nini?

Msiongeze kitu kwanza. Mtafuteni mtu ambaye hajawahi kuiona, mwachieni kompyuta, mkae nyuma yake mkiwa mmefunga midomo. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Kidole kitawawasha mseme "bonyeza pale". Andikeni kila anapokwama. Mara nyingi ni padogo tu: anaulizwa nenosiri la hifadhidata (ghala la taarifa za tovuti) asijue linatoka wapi, au anamaliza kusakinisha na kukuta ukurasa mtupu. Kwangu mimi ukurasa mtupu ni mbaya kuliko hitilafu. Hitilafu angalau inakupa maneno ya kwenda kutafuta.

Kwa hiyo usakinishaji ukiwa rahisi, inatosha?

Haitoshi. WordPress, programu huria ya tovuti iliyoanza 2003, ilijivunia usakinishaji wa dakika 5, na ilivuna watu kwa hilo. Lakini kuna ambao hata hizo 5 hawana. Ndiyo maana ikaja WordPress Playground, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kukodi seva (kompyuta ya kuhifadhi tovuti): mgeni anavuruga atakavyo, akifunga, hajaharibu kitu. Mkiweza kutoa uwanja kama huo, uwekeni mbele ya mwongozo.

Yetu ina uwezo mkubwa. Tukiirahisisha, wataalamu hawatakimbia?

Drupal, programu nyingine huria ya tovuti, wamelipitia hili. Toleo la 8, la Novemba 2015, lilichukua vijenzi vya Symfony, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kwa waundaji. Waandika programu walipata zana nzuri, mtu wa kawaida akaachwa na mlima. Januari 2025 wakatoa Drupal CMS. Kiini ni kilekile, ila kinakuja na "mapishi", yaani mipangilio iliyokwisha kuandaliwa kwa kazi fulani. Anayetaka kiini kitupu bado anakipata.

Kutafsiri kwa Kiswahili kuna maana?

Ipo, ila anzeni na ujumbe wa makosa. Menyu mtu huzikariri zilipo. Kosa hulisoma akiwa tayari na hofu. (Joomla, programu nyingine ya tovuti, ya 2005, jina lake ni "jumla" yetu hii hii, iliyobadilishwa tahajia tu.)

Mimi ni mtumiaji tu. Kila nikiuliza naambiwa nikasome mwongozo.

Taja toleo, ulichofanya, na maneno kamili ya kosa. Nanyi mnaojibu: swali likirudi mara ya 3, rekebisheni ukurasa husika siku hiyohiyo, kisha mmpe aliyeuliza kiungo chake.