Ndoo Ikianza Kutapika, Usiizibe

Juzi msomaji mmoja wa Likoni kanitumia picha. Kifuniko cha ndoo anayochachushia bia nyumbani kimevimba kama chapati ikiwa kikaangoni, povu linachuruzika mpaka mkekani. Anauliza, "Kaka, nikaze?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kulijibu mwenyewe, kwa mikono yangu, na jibu lake lilinitia hasara.

Nilikuwa nimepanga Mikindani, ghorofa ya pili. Februari hiyo, kaskazi imelala, hata majani ya mwembe hayatikisiki. Nilipika lita 21 za bia ya ngano, nikazitia kwenye ndoo ya lita 23. Pakiti ya hamira iliandikwa wazi: nyuzi 18 hadi 22. Mimi nikaimwaga kwenye maji ya kimea yangali vuguvugu, eti yatapoa yenyewe. Yapoe wapi, Mombasa?

Asubuhi ndoo ilikuwa inanguruma. Povu lilikuwa limebeba makapi ya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, na kuziba kile kidude cha kutolea hewa. Nikazungushia kifuniko selotepu, nikaweka tofali juu, nikaenda kazini. Saa nane mchana simu ya mama mwenye nyumba: "We kijana, wafuga nini humo ndani?"

Tofali nililikuta chini ya meza, limepasua kigae. Dari nzima madoa ya hudhurungi, hopsi zimenata kwenye pangaboi kama majani ya chai. Shemeji alikuja kunisaidia kupiga deki, akasema, "Si ununue dukani kama watu?" Neno lile liliniuma, na bado linaniuma, ingawa siku hizi kila Jumamosi yuko kwangu na bilauri yake mkononi.

Bia iliyosalia ilinuka ndizi mbivu na tina ya rangi. Glasi moja tu, kichwa kikanigonga hadi kesho yake. Hiyo ndiyo kazi ya joto: hamira ikila sukari inatoa joto lake, kwa hiyo ndani ya ndoo kuna moto kuliko chumbani, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuhamaki.

Basi poza kwanza. Acha nafasi ya kutosha juu, robo ya ndoo hivi. Badala ya kile kidude, siku za mwanzo chomeka mpira mnene wa kupitishia hewa, ncha yake izame kwenye jagi la maji. Ndoo iketi ndani ya beseni la maji, ivishwe kanga mbichi, na chupa za barafu zibadilishwe asubuhi na jioni. Asubuhi na jioni, nimesema. Ukishindwa, tafuta kveik, hamira ya wakulima wa Norwe. Nyuzi 35 kwake ni starehe.

Vijana tuna haraka, na tunadhani kila kinachotoka lazima kizuiwe. Nenda mangweni uangalie dumu la mnazi: kifuniko hakikazwi. Wagema walilijua hili bila pakiti wala kipimajoto.

Wewe wa Likoni, funika ndoo kwa kitambaa safi, legeza kifuniko taratibu, hewa ipumue, kisha weka mpira. Na uisogeze isikae chini ya pangaboi. Mimi dipoziti yangu yote iliishia kwenye rangi ya dari, na nasikia doa moja bado linaonekana.