Maswali Yenu: Bingwa na Daktari wa Kituo

Barua za mwezi huu zimetoka Unguja na Pemba, na karibu zote zinahusu rufaa, yaani mgonjwa kupelekwa kwa bingwa kutoka kituoni. Tumechagua nne.

Asalaam aleikum. Ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Nimerudi masomoni karibuni na nimepewa kliniki ya presha na kisukari hapa Mjini. Madaktari wa vituo bado wanawapeleka wagonjwa kwa mabingwa waliowazoea. Wachache wanaoniletea, mgonjwa huja amechelewa na karatasi ina maneno mawili: "Presha, msaidieni." Nifanye nini waniamini?
*Bingwa, Unguja Mjini*

Waalaykum salaam, Daktari. Anza na mgonjwa wa kwanza utakayeletewa, na umuandikie jawabu aliyemleta. Daktari wa kituo hakukuona ukisoma. Anachokiona ni mgonjwa wake amerudi na hali gani, na ameshika karatasi gani. Wengi hurudi na pakiti ya vidonge vipya tu, na aliyewapeleka akabaki kukisia walichoambiwa huko. Bingwa anayeandika hujulikana wilaya nzima bila kujitangaza.

Jawabu zuri halizidi nusu ukurasa. Tazama hili:

"Ahsante kwa kumleta mama huyu wa miaka 58. Uliuliza kwa nini presha haishuki kwa amlodipini miligramu 10. Figo zimeanza kuathirika: kreatinini ni maikromoli 140 kwa lita, na mkojo una protini. Alikuwa pia akinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti; nimemkataza kwa kuwa huumiza figo na hupandisha presha, naomba asipewe tena. Amlodipini iendelee. Nimeongeza losatani miligramu 50, kidonge 1 kwa siku. Mpime presha kila baada ya wiki 2. Wiki ya 2 apimwe kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30, au potasiamu ikizidi 5.5, simamisha losatani na unipigie siku hiyo hiyo. Presha ikituama chini ya 130/80, endelea naye wewe. Mimi nitamuona baada ya miezi 6."

Angalia kilichofanyika humo. Sentensi ya pili imerudia swali la aliyepeleka, kwa hiyo anajua karatasi yake ilisomwa. Kila dawa imetajwa kwa hesabu yake: iliyobaki, iliyoongezwa, iliyokatazwa na sababu ya kuikataza. Ukiandika tu "aendelee na dawa", mgonjwa huenda akameza za zamani na mpya pamoja, au akaacha za zamani zote. Halafu kuna mipaka ya namba. Losatani na dawa za jamaa yake hupandisha kreatinini kidogo mwanzoni, na hilo si baya. Daktari wa kituo asipoambiwa mapema ataona namba imepanda, ataingiwa na hofu na ataikata dawa ambayo ingezilinda figo. Mwisho, imeelezwa wazi mgonjwa ni wa nani kuanzia leo. Madaktari wengi wa vituo husita kutoa rufaa kwa sababu hii tu: wanaona mgonjwa akishakwenda kwa bingwa ndiyo ameondoka moja kwa moja.

Iandike siku ile ile, kabla mgonjwa hajatoka chumbani, nakala moja mkononi mwake na nyingine kwenye faili. Ukitaka kuitanguliza kwa simu, mtumie aliyekuandikia peke yake na ulifunike jina la mgonjwa. Kundi la WhatsApp la wilaya si mahali pake.

Kabla ya kuandika dawa, ujue kituo kile kina nini stoo. Piga simu uulize, uiweke orodha mezani. Bingwa anayeandika dawa isiyopatikana Kivunge wala Makunduchi humrudisha mgonjwa mikono mitupu, na lawama humwangukia daktari wa kituo ambaye hakuiandika yeye.

Kuhusu simu: wape namba na saa maalumu, tuseme saa 7 hadi saa 8 mchana, na katika saa hiyo upokee. Ukiwa wodini, mpe muuguzi unayemuamini aipokee na aandike. Neno la kuliepuka kabisa ni "Kwa nini hukumleta mapema?" Aliyeulizwa hivyo mara moja, safari ijayo hatapiga, na mgonjwa atakuja amechelewa zaidi. Chini ya jawabu lako ongeza mstari mmoja wa kumsaidia kwa mgonjwa atakayefuata. Kwa presha, mfano: "180/110 pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kubana, macho kuona ukungu au upande wa mwili kulegea, mlete leo hii. 180/110 bila dalili yoyote, rekebisha vidonge umuone tena ndani ya siku chache. Usimtilie nifedipini chini ya ulimi." Hili la nifedipini lina umuhimu wake. Huishusha presha kwa ghafla, damu ikapungua kwenye ubongo na moyo, na mgonjwa aliyekuja kwa miguu akapata kiharusi akiwa kituoni.

Hizo karatasi za maneno mawili zitaanza kurefuka. Mtu akiona yanasomwa, huandika.

Nafanya kazi kituoni wilaya ya Micheweni. Wagonjwa wangu wa kisukari wakienda Unguja wanaambiwa warudi kila mwezi. Nauli ya gari hadi Mkoani, boti, na pa kulala. Wakishindwa wanaacha hata dawa. Nikimwambia bingwa, nitaonekana namfundisha kazi?
*Daktari wa kituo, Pemba*

Mwambie, na umwambie kwenye karatasi yenyewe ya rufaa. Bingwa aliyeko Mjini huona mgonjwa mbele yake na kalenda ukutani. Haoni safari ya kutoka Micheweni hadi Mkoani, wala bahari ya kusi. Andika hivi: "Anaishi Micheweni. Sukari ya kidole na presha napima hapa. Kreatinini inaweza kupimwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Naomba unielekeze nifuatilie mimi, na unitajie lini lazima avuke." Hapo humfundishi kazi. Unampa habari ambayo hana pa kuipata isipokuwa kwako.

Na wewe umrahisishie. Karatasi yako iwe na vitu hivi: swali moja unalotaka lijibiwe, dawa zote na miligramu zake pamoja na zile za dukani na za mitishamba, vipimo 3 vya mwisho na tarehe zake, na namba yako ya simu. Namba ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, kisha tunalalamika kwamba hatujibiwi.

Kwa mabingwa wanaosoma hapa, Ramadhani ndiyo mtihani wa uhusiano huu. Andikeni maelekezo ya kila mgonjwa wa kisukari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, vituo vipate nafasi ya kubadilisha dawa. Kati ya wanaomeza vidonge, anayetumia glibenklamaidi ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa hushusha sukari kwa muda mrefu. Gliklazaidi ni salama zaidi kwa mfungaji, na kipimo kikubwa huhamishiwa futari. Mpeni daktari wa kituo namba za kumwambia mgonjwa: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, afungue hapo hapo, hata kama magharibi imekaribia. Kupima kwa kidole hakubatilishi saumu. Maneno hayo yakitoka kwa daktari wa kijijini kwake na yakalingana na ya bingwa, mgonjwa hutulia. Yakipingana, atafuata ya jirani.

Ni bingwa wa uzazi. Niliteremshiwa mama mwenye kifafa cha mimba, na nilipouliza kama kachomwa magnesiamu, sindano ya kuzuia degedege, hakuna aliyejua. Mume aliniuliza, "Kwani kule walikosea?" Nimjibu nini?
*Bingwa, Pemba*

Mwambie ukweli unaoujua, usiongeze dhana: hali yake ilipofika ni hii, tunafanya hili na hili, na yaliyotokea kule nitazungumza na wenzangu nikurudishie jawabu. Usiwatetee kwa uongo, wala usiwahukumu kabla hujawasikia. Inawezekana kachomwa na haikuandikwa. Ikithibitika kuna kosa, familia ina haki ya kuelezwa, na ni bora aliyelitenda awepo.

Kisha mpigie aliyemleta, nyote wawili tu, siku hiyo hiyo. Usimzungumzie mkutanoni. Mueleze kwa nini saa ya sindano ni roho ya mtu. Kipimo cha kuanzia ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 5 kila tako. Isipoandikwa, wewe unayepokea una njia mbili na zote zina hatari. Ukirudia gramu 14, pumzi zinaweza kusita. Usiporudia, anaweza kupata degedege jingine. Kwa hiyo mkubaliane: sindano ichomwe kabla gari haijaondoka, na kiasi na saa viandikwe kwa kalamu nene kwenye plasta, ibandikwe kifuani kwa mgonjwa. Karatasi hubaki kwenye mkoba wa shangazi, plasta haiachwi nyuma.

Wewe kwa upande wako, kabla ya kuchoma gramu 5 za baada ya saa 4, hakikisha pumzi hazipungui 16 kwa dakika, goti linashtuka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Mama akishapona, mrudishie habari aliyemleta. Kuna wauguzi vituoni waliokesha na mgonjwa na hawajui mpaka leo kama alipona.

Hospitali yetu binafsi inataka kuwapa madaktari wa vituo "nauli" kwa kila mgonjwa wanayetuletea. Kuna ubaya?
*Meneja, Unguja*

Upo. Malipo kwa kichwa cha mgonjwa ni rushwa hata ikiitwa nauli, na maadili ya udaktari yanakataza kupokea chochote kwa ajili ya rufaa peke yake. Mgonjwa akishajua kuwa aliuzwa, hatamuamini daktari wa kituo wala nyinyi. Fedha hizo lipeni mtu wa kuandika na kufuatilia majibu ya rufaa, na simu ya kliniki isiyozimwa.